Mvuke Puani mwa Bata

Mambo yaliharibika Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita, mchana kweupe, bata alipobebwa kupelekwa mezani akiwa amejaa supu.

Hadi siku hiyo bata hakuwa na neno na mtu. Alikuwa chombo cha kauri, ukubwa wa bata wa kweli, manyoya yake yamechorwa moja moja kwa kahawia na buluu, miguu myekundu imekunjwa tumboni, shingo imesimama kama ya mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Ukimshika mgongoni ukainua, mgongo wote unatoka pamoja na mabawa, na ndani unakuta bakuli. Katika nyumba ya fundi baiskeli, bata huyo aliishi juu ya kabati la nguo, tumboni mwake mkiwa na vifungo, nyuzi na sindano za marehemu mke wa fundi. Mgongo haukukaa sawasawa. Mtu akipita kwa kishindo ulicheza na kugongagonga, na marehemu alizoea kusema, "Taratibu, bata kakusikia."

Aliyemwazima ni Mama Pacha, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa anamfanyia bintiye sherehe ya uchumba, na hakutaka upande wa mwanamume uondoke ukisema umepakuliwa kutoka kwenye masufuria.

"Fundi, nipe bata," alisema, amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Marehemu angekuwepo nisingeomba. Ningeingia tu nikajibebea."

"Bata wa vifungo? Kwani wageni wako unakwenda kuwashona?"

"Nakwenda kuwanywesha supu. Wewe umeona wapi mfinyanzi akateseka hivi kwa ajili ya vifungo? Hili ni bakuli, baba. Mmelala na bakuli miaka yote hii mkidhani ni pambo."

Fundi alicheka, jambo ambalo tangu msiba halikumtokea mara nyingi. Alimwaga vifungo kwenye kopo la maziwa, binti yake akamsugua bata kwa maji ya uvuguvugu mpaka akang'aa, Mama Pacha akamkumbatia kama mtoto mchanga na kuondoka naye.

Kwenye sherehe fundi aliketishwa nyuma, kwenye benchi karibu na spika, pale wanapowekwa watu ambao hata wasiposikia hotuba hakuna kitakachoharibika. Toka huko alimwona bata akiingia. Na toka huko aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika maisha yake yote na chombo kile. Puani mwa bata kulikuwa na vitundu viwili. Watu wa nyumbani walivihesabu kuwa madoido ya mchoraji tu. Supu ya moto ilipomiminwa na mgongo ukafunikwa, vitundu vile vikaanza kutoa mvuke, nyuzi mbili nyembamba, kama pumzi ya mnyama asubuhi ya baridi.

"Jamani! Bata anapumua!" mtu akapiga kelele.

Hapo hotuba ikafa. Watu waliacha viti, wakajaa mezani, simu juu. Mama Pacha alisimama pembeni akitabasamu kama aliyemtaga bata huyo mwenyewe. Fundi naye alisimama, shingo imemrefuka, moyo umempanda kwa raha ya ajabu. Kumbe! Kumbe ndiyo kazi ya vile vitundu!

Kelele zile ndizo zilizomleta Meneja. Alikuwa mjomba wa mchumba, mtu wa suti ya kijivu, msimamizi wa Nyumba ya Wageni ya serikali kule mlimani, ambako wakubwa wakija hulala bure na kuondoka na taulo. Watu walimpisha. Alimzunguka bata, akainama, akatazama puani, kisha akainua mgongo bila kuuliza. Ulimuunguza vidole, akauachia juu ya kitambaa cha meza.

"Huyu mmemtoa wapi?"

"Kwani mjomba unataka kumnunua?" Mama Pacha akafanya mzaha.

"Nauliza mmemtoa wapi. Huyu ni bata wa Nyumba ya Wageni. Walikuwa wawili, mmoja nimemfungia kabatini. Hiki si chombo cha uchochoroni. Walitengenezwa Uchina enzi hizo, kwa ajili ya meza za matajiri wa ng'ambo. Sasa amefikaje huku?"

Mama Pacha hakutaka kujibu, lakini macho yake yalikwenda kwenye benchi la nyuma kabla hajayazuia, na macho ya watu wote yakayafuata.

"Wa fundi pale," alisema kwa sauti ndogo. "Wa marehemu mkewe."

"Yule dobi wetu?" Meneja akauliza, na kwa kuwa mtu wa hotuba hakuwa ameweka kipaza sauti mbali, swali lile likatoka kwenye spika, pembeni mwa sikio la fundi. "Aha. Basi."

Hakusema mwizi. Wenye vyeo hawana haja ya kutamka neno lenyewe. Husema "basi", na wengine hujaza. Aliagiza supu imwagwe kwenye sufuria, bata apelekwe garini kwake. Hapo Mama Pacha akamkatalia, ukwe si ukwe.

"Nimemwazima kwa mtu, nitamrudisha kwa mtu. Mengine mtamalizana."

"Sawa. Jumatatu amlete mwenyewe ofisini," Meneja akasema, akajifuta vidole. "Asiponiletea, nitamfuata na polisi."

*

Jumapili fundi alifungua kijiwe chake kama kawaida, maana gurudumu lililopinda halijui kwamba mtu ana aibu. Wa kwanza kufika alikuwa mwalimu mmoja aliyeacha baiskeli yake tangu Alhamisi. Aliipanda, akazunguka, akasimama, akakagua kengele, taa, pampu, mpaka mfuniko wa ventili, vitu ambavyo maisha yake yote hajawahi kuvikagua.

"Kila kitu kipo, mwalimu?" fundi akamuuliza.

"Hapana, natazama tu."

"Tazama. Macho hayalipiwi."

Jioni bintiye alirudi kutoka duka la vitambaa anakouza, akatupa mkoba kitandani. Wenzake walimwambia aufungue kabla hajatoka, kwa utani, wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Lakini baba, walikuwa wanacheka huku wanachungulia."

Bata alikuwa mezani, ameoshwa, amerudishwa. Walikaa wakimtazama, fundi, binti, na mdogo wa marehemu aliyekuja mbio baada ya kusikia. Kila mmoja alijua kilicho mezani, na hakikuwa bata. Kilikuwa jina la mwanamke aliyelala makaburini, asiyeweza kuinuka akajitetea.

"Tumrudishe tu yaishe," binti akasema. "Tunamfunga kwenye gazeti, tunamkabidhi, asante, kwaheri."

"Tukimrudisha hivyo tumetia saini kwamba mama yako mwizi."

"Na tusipomrudisha?"

"Mwizi, na sisi wapokeaji." Fundi aligeuka. "Shemeji, wewe alikwambia nini?"

"Alichokwambia wewe. Nimepewa. Nikamuuliza, umepewa na nani dada? Akaniambia, 'Nimepewa, basi, kwani ukipewa zawadi unaomba kitambulisho cha aliyetoa?' Tukacheka, yakapita. Wewe hukumuuliza?"

"Nilimuuliza kwa nini hawakumpa kiinua mgongo." Fundi alisugua paji la uso. "Nilikuwa na hasira, shemeji. Mtu amefua mashuka ya watu mpaka ngozi ya mikono ikabanduka kwa dawa zao, wakamwambia likizo ya ugonjwa ni ya wenye mkataba. Akaomba mkataba, wakamwambia mkataba ni wa wenye afya. Siku anamwaga unga, kazi hana tena, anarudi na bata. Bata! Mimi ningeanza kuuliza ametoka kwa nani? Nilitaka kumrusha dirishani."

"Mama alimkinga," binti akakumbuka. "Alisema, 'Mrushe huyu na mimi unirushe.'"

Kisha fundi akasema jambo ambalo, kwa mtu mwenye kesi, halikutarajiwa.

"Hebu chemsha maji."

"Ya nini?"

"Nataka nimwone tena akipumua. Jana nilikuwa mbali."

Binti alimtazama babake kama mtu aliyelegea nati kichwani, lakini akawasha jiko. Walimimina, wakafunika, wakasogea karibu, vichwa vitatu vimegusana. Mvuke ukatoka, kwanza tundu la kushoto, halafu la kulia. Shemeji akapiga makofi. Binti akaweka kidole, akakitoa haraka, akaweka tena. Fundi alipinda shingo huku na huku akitafuta njia ya hewa, tangu tumboni, shingoni mpaka puani. Mtu alikaa chini huko mbali, akatoboa njia ile kwenye udongo mbichi, kwa ajili ya watu ambao hatawaona wakishangaa.

"Marehemu alijua?" shemeji akauliza.

Hakuna aliyejua kama alijua.

Maji yalipopoa, binti akiwa anamkausha, aliona alama. Ndani ya mgongo kulikuwa na mistari mitatu ya buluu, imepigwa kwa brashi haraka haraka. Ndani ya bakuli, kwenye ukingo, ilikuwapo mistari miwili.

"Baba, wewe ukifungua baiskeli mbili zinazofanana unafanyaje?"

"Naweka alama ya rangi zisichangany..." Fundi akamnyang'anya mgongo, akatazama, akachukua bakuli, akatazama. "Ndiyo maana anagongagonga! Huu si mgongo wake. Ni wa mwenzake!"

Furaha ile ilidumu kidogo tu. Shemeji ndiye aliyeizima.

"Na mwenzake yuko wapi?"

Mwenzake alikuwa kabatini kwa Meneja. Maana yake bata hawa waliishi pamoja, wakaoshwa pamoja, wakachanganywa. Hakuna namna ya kusema alinunuliwa mnadani, kama binti alivyokuwa ameshaanza kupanga kusema. Kwa mikono yao wenyewe walikuwa wameuziba mlango wa kutokea.

"Usiwaambie hilo la alama," binti akasema.

"Siwaambii."

"Baba, niangalie. Usiwaambie."

"Nimesema siwaambii!"

*

Jumatatu, kwenye Nyumba ya Wageni, askari wa getini alimwambia fundi baiskeli haiingii. Dada wa mapokezi akamwambia mizigo inapita mlango wa wafanyakazi. Fundi akamwambia huu si mzigo, ni bata. Dada akamwambia bata ndiyo kabisa, wanapita jikoni. Basi akazunguka na bata wake kwenye shuka la nyumbani, akapita kwenye beseni za zege ambako mkewe aliinama nusu ya umri wake. Sasa palikuwa na mashine mbili za kufulia, moja imekufa, imewekewa ndoo juu. Akaambiwa asubiri kwenye benchi la ubao. Alisubiri mpaka Meneja akamaliza kunywa chai, akamaliza kusoma gazeti, akamaliza kucheka kwenye simu.

Ukumbi wa chakula ulinuka dawa ya mbao. Kabati lilikuwa refu, la vioo, limejaa sahani za buluu na nyeupe zenye madaraja na watu wadogo wenye miavuli, vikombe visivyo na mikono, na mabakuli membamba mpaka mwanga unapita. Katikati alikaa bata wa pili. Fundi alisahau alichokuja kufanya. Alikwenda moja kwa moja, akaweka pua kwenye kioo.

"Usiguse," Meneja akasema.

"Sigusi. Huyu naye anagongagonga?"

"Anafanya nini?"

"Mgongo wake. Haukai sawa, au nimekosea?"

Meneja alishangaa. "Unalegea, ndiyo. Wewe umejuaje?"

Hapo ndipo fundi alipokosea, na lilikuwa kosa la mtu aliyeshinda maisha yake yote akitafuta kelele inatoka wapi. Ahadi aliyompa bintiye alikuwa nayo, ipo kabisa, lakini mikono ilikuwa imeshafungua shuka.

"Wamebadilishana migongo, mkubwa! Fungua uone. Wako atakuwa na mistari miwili mgongoni na mitatu kwenye bakuli. Fungua, nakuomba. Dakika moja."

Nafikiri hata Meneja alishikwa na hamu, maana alitoa ufunguo kwenye mnyororo wa suruali bila kubisha. Wanaume wawili, mmoja wa suti na mmoja wa ovaroli lenye grisi, waliwalaza bata mezani, wakahesabu mistari, wakabadilisha migongo. Ikakaa. Meneja alimtikisa wake, kimya. Fundi akamtikisa wake, kimya. Wakatazamana wakicheka kama wana wa mama mmoja.

Kisha Meneja akakumbuka cheo chake.

"Kwa hiyo umethibitisha mwenyewe. Ni wa hapa."

"Sijakataa kwamba ni wa hapa. Mke wangu alisema amepewa."

"Mzee, vyombo hivi dobi hapewi. Dobi hata ukumbi huu alikuwa haingii, anaishia kwenye beseni. Ufunguo huu nilikabidhiwa nikiwa karani wa stoo, na haujawahi kulala mfukoni mwa mtu mwingine. Hata mkurugenzi akitaka sahani hunipigia simu mimi."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa anatazama kitasa. Kilikuwa kitasa kizuri, cha shaba, cha kazi ya zamani.

"Hiki hakijawahi kubadilishwa?"

"Cha tangu mwanzo."

"Na vioo?"

"Cha kwanza hadi cha mwisho, ni vilevile. Hapa hakuna kinachovunjika."

"Na alipopotea, mlimuuliza nani?"

"Nini?"

"Bata. Kabati hili sahani ikitoka inaacha pengo kama jino. Mkaona mmoja hayupo. Mlimwita nani mkamuuliza? Maana mke wangu tulikaa naye miaka mingine sita baada ya kuacha kazi, kabla hajaugua ule ugonjwa wa mwisho, na nyumba yetu mnaijua, mlikuwa mkimtuma mtu amfuate kila akichelewa. Hakuja mtu." Fundi aliuliza kwa upole. Hakuwa amepanga kumtega. Alikuwa anafuata kelele tu, kutoka sehemu hadi sehemu. "Kitasa kizima, vioo vizima, ufunguo kwako. Sasa mkubwa, nani alimfungulia?"

Meneja alikwenda akafunga mlango wa ukumbi, polepole, akishika kitasa kwa mikono miwili ili kisilie. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka, na sauti nayo.

"Mzee wangu," alisema. Mzee wangu! "Mchukue bata wako. Nadhani kulikuwa na kutoelewana."

"Kutoelewana kulitoka kwenye spika. Watu mia walikusikia."

"Unataka nini?"

"Nataka spika."

Spika hazikuwapo, basi ikawa simu. Meneja alimpigia Mama Pacha, na fundi akamtaka aweke sauti ya nje. "Dada, lile suala la bata. Nimefuatilia. Yule mama hakuiba. Alipewa."

"Niliwaambia!" Mama Pacha akapaza sauti, na nyuma yake zikasikika sauti nyingine, maana kwa Mama Pacha hakukosekani watu. "Alipewa na nani?"

"Na uongozi."

"Uongozi ndio nani?"

Meneja akakata simu. Akatazama saa, akasema ana kikao. Safari hii fundi alitolewa kwa mlango wa mbele, na dada wa mapokezi akasimama.

*

Kabla fundi hajafika nyumbani habari ilikuwa imeshafika. Mama Pacha alikuwa barabarani, akiwapa wapita njia. Yule mwalimu alishuka baiskeli akampa mkono. Binti alimkumbatia babake, bata yuko katikati, nusura wambane, akalia kilio cha mtu aliyetua mzigo.

"Umewaambia la alama?"

"Nimewaambia."

"Nilijua tu! Baba, wewe!" Akacheka na machozi. Shemeji alikuwa ameshaweka chai. Fundi alieleza yote, kitasa, vioo, ufunguo, na alipofika pale mlango ulipofungwa polepole, aliona kicheko kinapungua usoni kwa bintiye, tone kwa tone.

"Kwa hiyo ni yeye aliyempa. Yeye mwenyewe, Meneja."

"Au mkubwa wake aliyempigia simu amfungulie."

"Lakini Jumamosi alijifanya hajui."

"Labda alisahau. Labda alijua, akaona mama hayupo wa kumkumbusha." Fundi alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Wale ndivyo walivyo."

"Labda ni huruma," shemeji akasema. "Dhamiri ilimsuta mtu, kwa ile mikono ya dada."

"Huruma hufungiwa mlango, mama mdogo?"

Dobi wa nyumba ya wageni huyaona mashuka asubuhi, akajua nani alilala, na nani, na nini kilimwagika. Kila mmoja pale mezani aliliwaza hilo, na kila mmoja akatazama kikombe chake ili mwenzake asilione. Nje, Mama Pacha alikuwa bado anatangaza kwamba marehemu hakuiba, alipewa, na watu walishangilia. Halafu, mmoja mmoja, nao wakaanza kutulia, wakiwa na neno mdomoni.

Binti ndiye aliyelitoa.

"Baba, watu waliomnyima mama mkataba, wakamnyima likizo, wakamnyima hata mche wa sabuni, walimpa bata kwa lipi?"